Saa nane mchana, Ndia Kuu: uchambuzi wa kisa cha mkoba mmoja

Kisa hiki nilikiona kwa macho yangu, mlangoni pa duka langu, na nimekaa nacho miaka. Nakiandika sasa kwa sababu kila mgeni anapoibiwa Mombasa maneno huwa ni yale yale: polisi walikuwa wapi, vijana wameharibika, serikali ifanye kitu. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Baadaye nilikirudia kisa hatua kwa hatua, nani alikuwa wapi, mlango upi ulikuwa wazi na upi umefungwa, nikaona jambo ambalo siku ile halikunijia. Majina nimeyaacha yote, maana wahusika wengi wako hai na mama wa kijana ana jina lake la kulinda.

Duka langu ni la leso na vikoi, Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo mfupi kutoka Ngomeni, yaani Fort Jesus. Nililirithi kwa marehemu baba. Ilikuwa Agosti 2015, siku ya Alhamisi, kusi bado inavuma. Mume na mke kutoka Ujerumani, watu wazima wa miaka sitini na kitu, walikuwa wametoka kuitazama ngome wakaingia mtaani kwa miguu, peke yao. Saa ilikuwa nane na robo mchana. Bwana alishika ramani ya karatasi. Bibi alikuwa amejivika mkoba mdogo wa ngozi, mkanda umepita begani ukakata kifua, mkoba wenyewe umemkaa kiunoni. Walisimama mbele ya mlango mmoja wa zamani wa kuchonga, uliofungwa, bibi akainua simu apige picha.

Vijana wawili wakatokea kichochoroni. Hawakukimbia. Walikuja wakitembea kama watu wanaokwenda zao, mmoja akampita bwana, wa pili akaushika mkoba na kuuvuta. Mkanda haukukatika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa bibi na kwa vijana wenyewe, kwani mkanda ulipogoma aliyevutwa ni yeye. Aliangukia mkono wa kushoto. Nilisikia mlio mdogo, kama kuni kavu inapovunjwa kwa goti. Simu ikaruka chini ingali inawaka, yule wa kwanza akaiokota, wa pili akauvuta mkoba tena mpaka ukatoka, wakapotea. Tangu watokee mpaka waondoke hata sala fupi usingeimaliza.

Nilipofika, bibi alikuwa ameketi chini, kiatu kimoja kimemvuka, anautazama mkono wake kama si wa kwake. Mumewe alikuwa akiikunja ramani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena, midomo inamtetemeka. Nilivuta kikoi kilichokuwa karibu, cha buluu chenye milia, nikamfunga mkono nikauning'iniza shingoni. Fundi cherehani akaleta barafu kutoka nyumbani kwao ndani ya mfuko wa maziwa. Kijerumani changu ni cha dukani, bei na rangi basi, kwa hivyo nilirudia neno moja tu: pole, mama, pole. Alinishika kidole kwa mkono uliobaki mzima na hakukiachia mpaka tuktuk ilipokuja.

Sasa tuutazame mtaa ulivyokuwa saa ile, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Mji wa Kale una desturi ya kupumzika mchana. Baada ya Adhuhuri watu hula, hulala kidogo, na maduka mengi hufungwa mpaka karibu na Alasiri. Lakini sisi tuliokuwa tukiuzia watalii hatukuifuata desturi hiyo, kwa sababu mgeni aliyeingia ngomeni saa nne au saa tano hutoka na kuanza kuzunguka mtaani saa hizo hizo. Nikikumbuka msimu wa 2011, kati ya mlango wangu na kona ya kwanza maduka saba yalikuwa wazi saa nane: vinyago, mafuta ya kunukia, mapambo ya fedha, makubadhi, na kijana aliyekuwa akikamua juisi ya miwa. Barazani kwangu alikaa mzee muuza kahawa, dele yake juu ya makaa, akigonganisha vikombe kwa vidole vya mkono mmoja, na kando yake kila mara watu wawili watatu wanazungumza siasa na mpira. Siku ya kisa milango iliyokuwa wazi ni miwili: wangu, na wa fundi cherehani ambaye mashine yake iko ndani kabisa na barabara haioni.

Ile milango mitano ilifungwa moja moja, na kila mmoja naujua ulifungwa lini. Mwaka 2011, ambao ngome yetu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Kenya ilipokea wageni takriban milioni 1.8. Mwaka 2015 walikuwa wameshuka hadi karibu milioni 1.18. Katikati ya tarakimu hizo mna mambo mengi: shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, mauaji ya mashehe na ghasia za misikitini hapa kwetu, mabomu ya Mei 2014. Katikati ya mwezi huo Uingereza iliwashauri raia wake wasije kisiwa cha Mombasa wala pwani yote kutoka mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi, ila kwa safari ya lazima. Kampuni zilizokuwa zikileta ndege za kukodi ziliwarudisha wageni wao kabla ya likizo kwisha na kufuta safari za miezi iliyofuata. Julai mwaka huo huo wageni wawili wanawake, mmoja Mrusi na mmoja Mjerumani, walipigwa risasi wakafa katika matukio mawili tofauti, Mji wa Kale na kando ya ngome. Aprili 2015 likatokea shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi kwa mamia wakauawa na kujeruhiwa. Lile onyo la Uingereza liliondolewa sehemu kubwa ya pwani mwezi wa Juni 2015, ndiyo maana Agosti tulianza kumwona mgeni mmoja mmoja. Watu wa Mombasa wa umri wangu wameyaona haya zaidi ya mara moja, baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997 na baada ya bomu la Kikambala mwaka 2002. Hoteli hufungwa, vibarua huambiwa wangoje simu, na simu haipigwi.

Tumezoea kusema dhiki humsukuma kijana kuiba. Siikatai, ila nusu yake ndiyo kweli. Waliopoteza kazi za hoteli pwani nzima walikuwa maelfu, na walio wengi hawakumgusa mtu. Walisukuma mikokoteni, walikaanga viazi, walirudi mashambani Kilifi na Kwale, walikopa mpaka wakaogopa kupita mbele ya duka la jirani. Ukisema dhiki ndiyo iliyoiba mkoba unawatukana hao.

Lakini dhiki ilifanya kazi nyingine ambayo hatuisemi. Iliwaondoa walinzi. Hakuna kati yao aliyejiita mlinzi wala aliyelipwa kwa hilo. Muuza vinyago alikuwa akikaa mlangoni kwa sababu mgeni anaweza kupita. Kijana wa miwa alikuwa akitupa macho huku na huku kwa sababu anatafuta mnunuzi. Mzee wa kahawa alimjua kila mtoto wa Kibokoni, na mama yake, na shangazi yake. Mtu mwenye riziki yake barabarani huitazama barabara siku nzima pasipo kuambiwa, kwa kuwa kikimpata mgeni leo yeye kesho hauzi. Riziki ile ilipokauka wakaingia ndani, na mtaa ukabaki na kuta. Wale vijana hawakuhitaji ujasiri mkubwa siku ile. Walihitaji kutazama kushoto na kulia tu, wakaona hakuna mtu.

Muuza kahawa alikuwa amehama tangu Januari. Aliniaga kwa adabu, akasema barazani kwangu ameuza vikombe vinne kutwa nzima na makaa peke yake yamemgharimu zaidi ya hivyo. Alihamia upande wa Marikiti, sokoni, kwenye wasukuma mikokoteni na wapakuaji wa ndizi, ambao dhiki au si dhiki kahawa hunywa.

Kuna mtu mwingine aliyekuwa karibu na hakufanya kitu, nami nimemwuliza mara nyingi. Ni kijana anayetembeza wageni, ana kibali chake, hukaa kwenye kivuli mkabala na ngome. Aliwaona wale wazee wakitoka. Aliwafuata akawaambia bei, shilingi elfu tatu kwa kila mmoja. Bei hiyo ni kubwa, naye anajua. Alikuwa hajapata mgeni siku tisa na alitaka siku moja ilipe zote. Wakakataa. Akawafuata hatua kadhaa akishusha: elfu mbili, elfu moja na mia tano. Bwana akapunga mkono wa kufukuza, kama afukuzaye nzi, wakaenda zao. Nilipomwuliza mbona hakuwasindikiza hata kwa mbali alinijibu: "Walishanikataa, dada. Niwafuate tena niitwe mwizi?"

Jibu hilo lilinikaa. Msimu ukiwa mzuri anayetembeza wageni hasihi, anangoja achaguliwe. Akikaa siku tisa bila kitu anamng'ang'ania mgeni, anamshika mkono, anapandisha bei, na mgeni anamwogopa. Mgeni aliyemwogopa yeye anakwenda peke yake. Yaani njaa ilimfanya mtu ambaye angewalinda aonekane ni yule yule wanayemkimbia. Hotelini nako walikuwa wameshaonywa: wasizungumze na mtu barabarani. Onyo la aina hiyo halitenganishi. Linamweka mwenye kibali shingoni na mwenye nia mbaya katika kapu moja, na mgeni anabaki na ramani.

Kijana mwenye mkoba alikamatwa karibu na Marikiti. Mtu alipiga kelele za mwizi, na wasukuma mikokoteni wakamzingira. Mwenzake aliyechukua simu alikuwa ameshakata kichochoro kingine. Yaliyofuata sikuyaona, nimesimuliwa na muuza kahawa mwenyewe. Kijana alipigwa mateke mpaka akaanguka chini ya mkokoteni. Mmoja alikuwa ameshashika kipande cha mbao. Mzee alikuwa akimimina. Aliiweka dele chini, akaingia kati ya watu, akasimama juu ya kijana miguu huku na huku. Kijana akaitazama kanzu ikiwa juu yake, akasema, "Ami, nisitiri." Mzee akawaambia wale hamali: "Atakayempiga tena aanze na mimi." Kwa umri wake na kwa kuwa kahawa wanayokunywa kila alfajiri ni yake, waliacha. Polisi walipofika kijana alikuwa na jicho limefumba na meno mawili hana, lakini yu hai. Wengine Mombasa hawafiki hapo. Mtaa usiomwona mtu akiiba ndio huo huo unaomwua akishikwa, nami vyote viwili naviogopa sawasawa.

Jioni mzee alikuja dukani akaketi barazani pake pa zamani. Alikuwa anatetemeka. Akasema: "Ningekuwa hapa, binti yangu, yule mtoto asingethubutu. Mamake namjua."

Nami nilikuja kumjua. Anauza viazi karai jioni, Majengo. Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa kibarua wa kuosha vyombo kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, akalipwa kwa siku, akaachishwa Mei 2014 ndege zilipokatizwa. Akasukuma mkokoteni miezi michache, lakini mkokoteni si wake, kukodi ni kila siku upate usipate. Watu walitaka sana niwaambie kwamba alikuwa teja, mtumiaji wa dawa za kulevya, kwa kuwa teja tumeshamzoea na hatuumii kumsikia. Hakuwa teja. Alikuwa mtoto wa mtu, anasoma na kuandika, aliyeambiwa na mwenzake kwamba saa nane Ndia Kuu hakuna mtu.

Hilo la mwisho alilieleza mwenyewe kwa mama yake. Nimelisikia kwake na limethibitisha kila nilichokuwa nikikifikiri.

Sasa sheria. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wanadhani mwizi akishikwa kisa kimekwisha. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina ngazi. Kuiba kitu mwilini mwa mtu ni kosa moja. Kupora kwa nguvu, kifungu cha 296(1), kifungo chake hufika miaka 14. Lakini kifungu cha 296(2) kinasema mporaji akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake, au akimjeruhi mtu, huo ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Si lazima yatimie yote matatu, moja latosha. Hapa yalikuwepo mawili: walikuwa wawili, na bibi alivunjika mkono. Kwa hiyo kijana aliyevuta mkoba wenye pasipoti mbili, dawa za shinikizo la damu, miwani na shilingi elfu nne alisomewa shtaka la kunyongwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mama aliyesimama nyuma ya mahakama na leso kichwani hajui hivyo. Alikaa chini sakafuni.

Alisomewa Ijumaa, siku ya pili yake, ndani ya saa 24 kama Katiba inavyotaka. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Tangu Katiba ya 2010 hata mwenye shtaka la kifo ana haki ya dhamana, naye akapewa: shilingi laki tatu na mdhamini wa kiasi hicho. Mama anauza viazi. Akapelekwa rumande.

Wageni walikuwa wanaondoka Jumanne. Bibi, mkono uko kwenye plasta, alisema kupitia mfanyakazi wa hoteli aliyekuwa mkalimani kwamba yuko tayari kutoa ushahidi Jumatatu. Nilikuwepo aliposema. Ofisa aliyesikia akaandika, akasema atapeleka juu. Tarehe ya kusikizwa ikatolewa: Novemba. Jumanne ndege ikaondoka na mlalamishi wa kesi.

Tatizo hilo ni la kila mji wa kitalii na limejulikana siku zote. Saa ya mgeni na saa ya mahakama hazilingani. Mgeni ana siku saba, kesi ina miezi. Mtu aliyeizoea kazi hii ya kupora anajua hilo vizuri kuliko sisi: mgeni hatarudi kuonyesha kidole. Na bado hakuna sheria inayomzuia hakimu kumsikiliza mlalamishi siku ya tatu au ya nne. Kuna jambo moja la kuangaliwa, nami sitaki liachwe, nalo ni haki ya mshtakiwa. Katiba inampa muda na nafasi ya kutayarisha utetezi wake, na yule kijana hakuwa na wakili. Ushahidi wa haraka bila yeye kuweza kumhoji bibi ungekuwa dhuluma nyingine. Lakini palikuwa na njia ya kati: wakili wa kujitolea apatikane Jumamosi, maswali yaulizwe Jumatatu mbele ya hakimu, mengine yangoje. Haikujaribiwa kwa sababu haikuwa kazi ya mtu yeyote. Tangu 2020, corona ilipozifanya mahakama zetu zizoee kusikiliza kesi kwa video, kisingizio cha umbali kimepungua sana. Mtu anaweza kuketi mezani kwake Ujerumani akaapishwa. Mwaka 2015 hilo halikuwa jambo la kawaida.

Novemba nilikwenda. Mlalamishi hayupo, kesi ikaahirishwa hadi Februari 2016. Februari nilikwenda, nikafunga duka asubuhi nzima, ikaahirishwa hadi Mei. Mimi mwenyewe niliona migongo ya vijana, sura sikuiona vizuri, na sikukubali kusema nimeiona. Mwezi wa Mei upande wa mashtaka ukaomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya taratibu za jinai. Maana yake kijana anaachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa upya wakati wowote. Alikuwa amekaa rumande miezi tisa. Hakupatikana na hatia, hakuondolewa hatia. Bibi hakupata hukumu, mtaa haukupata jibu, mama aliuza jiko la gesi na kitanda kwa nauli za kumtembelea. Nikiwaza ni nani aliyetendewa haki kwa miezi ile tisa sioni hata mmoja.

Na simu. Kuhusu simu nitasema yote ninayoyajua. Yule aliyeichukua hakushikwa. Simu iliuzwa jioni ile ile kwenye meza ya kurekebisha simu, kwa shilingi elfu moja na mia tano, simu ambayo dukani ni makumi ya maelfu. Ikaflashiwa, yaani ikafutwa yote yaliyomo, ikawekwa laini mpya, ikaingia sokoni. Kijana alimwambia mama yake meza ni ipi, mama akanieleza, nami nikaeleza mahali panapostahili. Kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322, adhabu yake hufika miaka 14, lakini hakuna aliyekwenda kuuliza. Ukiwapanga wote waliomo katika kisa hiki, mwenye meza ndiye peke yake ambaye msimu mbaya haukumgusa. Wageni wakiwa wengi ananunua simu nyingi. Wakiwa wachache na vijana wana njaa ananunua kwa bei rahisi zaidi. Wavutaji mikoba watabadilika kila mwaka, wakishikwa, wakifa, wakiacha. Meza haibadiliki. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu pa kuweka nguvu zote za polisi wa mji huu, ningeziweka kwenye meza zile, wala si vichochoroni.

Kwa hili mgeni anaweza kusaidia, na ni jambo dogo. Simu yoyote ukibonyeza *#06# inakuonyesha nambari yake ya IMEI, ya kuitambulisha simu hiyo. Ukiiandika kwenye karatasi ukaiacha hotelini, siku simu ikipotea una cha kumpa polisi zaidi ya "ilikuwa nyeusi". Wale wazee hawakuwa nayo. Siku hizi mteja wangu akitoa simu apige picha namwomba tuitazame pamoja, namwandikia nyuma ya risiti.

Wiki ile ile hoteli mbili ninazozijua ziliacha kuwapendekezea wageni Mji wa Kale. Waliambiwa wabaki ufuoni, wamekwisha lipia chakula na vinywaji kabla hata ya kupanda ndege, mjini waende kufanya nini? Sikuwalaumu, wanaogopa. Lakini tazama kinachotokea: wageni wanapungua mtaani, mlango mwingine unafungwa, na yule mmoja atakayekaidi akaja peke yake atakuta mtaa mtupu kuliko wale wazee walivyoukuta. Onyo la usalama likaongeza hatari kwa atakayekuja baadaye.

Tuliketi, wenye maduka watano na vijana watatu wanaotembeza wageni, usiku baada ya Isha, barazani kwangu. Palikuwa na maneno makali. Mmoja alitaka tuajiri askari wa kampuni, tukapiga hesabu tukaona hatuwezi hata mwezi mmoja. Tuliyokubaliana yalikuwa mawili. Kwanza, kila siku duka moja lisifungwe mchana, kwa zamu, na mwenye zamu akae nje, si ndani. Pili, vijana waandike bei moja, ionekane, na mgeni akikataa asishushiwe wala asifuatwe kwa maneno: asindikizwe kwa macho mpaka kona, na mwenye zamu ampokee kwa macho kutoka hapo. Hilo la pili lilikuwa gumu kwao kuliko la kwanza kwetu. Kumwangalia mtu aliyekukataa ili asidhurike, na wewe hujala, si jambo dogo, na wawili kati ya wale watatu walilifanya.

Muuza kahawa tulimwomba arudi. Tulikubaliana kila mwenye duka anywe vikombe viwili kwa siku, na makaa tumchangie. Akarudi Oktoba.

Ilidumu mpaka Ramadhani ya 2016, ikalegea, ikafufuka msimu wa kaskazi wageni walipoanza kuzoea tena, ikalegea. Mei 2020 Mji wa Kale wote ulifungwa kwa sababu ya corona, hatoki mtu haingii mtu, na hapo hata zamu haikuwa na maana. Tulipofunguliwa mzee wa kahawa hakuwepo tena, Mungu amrehemu, maradhi yake yalikuwa ya moyo. Dele yake anayo mjukuu wake, anauza jioni tu, asubuhi yuko chuoni.

Yule kijana alikuja dukani wiki moja baada ya kutoka rumande. Alisimama nje ya kizingiti, hakuingia mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Alitaka kujua kama mkono wa yule bibi ulipona. Nilimwambia sijui, sikuachiwa anwani. Akauliza kama kikoi nilichomfunga kilikuwa cha bei gani. Nikamwambia. Akawa analeta mia mia, na mpaka Desemba alikuwa amemaliza.

Zamu tunayo tena, maduka matatu sasa. Mlango wa vinyago umegeuzwa ghala la makatoni, haufunguliwi ila lori likija. Jumatano ni siku yangu. Natoa kigoda saa saba na nusu.